Niambie Zilinukiaje

Tarehe 9 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, na naomba barua hii ikukute nawe umeinuka kitandani, maana nilipoondoka mafua yalikuwa yamekubana mpaka sauti yako ikawa ya mwanamume. Nisalimie Baba. Mwambie koti alilonipa nalivaa kila siku, jua au mvua, kwa sababu mifuko yake ni mirefu na mikono yangu hutetemeka nikiitwa. Nisalimie pia jirani yetu Fundi Cherehani. Bado anakuja kuazima chumvi kila ukioka? Nilipokuwa mdogo nilidhani kweli kwake hakuna chumvi.

Nimepata chumba uani kwa mama mmoja mpole. Kina kitanda, meza, na dirisha linalofunguka nusu, kwani nusu nyingine imezibwa na tangi la maji. Ofisini niko masijala. Barua zikiingia nazigonga muhuri wa tarehe, naziandikisha, kisha natafuta jalada la kila moja. Ni kazi ninayoiweza, ikiwa hakuna anayenitazama. Tuko wanne: Mkuu wetu, anayesema kidogo na kutazama sana, Dada wa Taipu, ambaye hata akinong'ona anasikika getini, Mzee Tarishi, anayejua habari za kila ofisi, na mimi, ambaye bado niko kwenye majaribio. Simu ni moja tu, nayo iko juu ya meza ya Mkuu. Kwa hiyo tuandikiane.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Siku ya kwanza Mkuu aliniita mbele ya wenzangu akaniuliza, "Wewe unaweza nini?" Bila shaka alimaanisha kupiga taipu, au kupanga majalada. Lakini nikasikia mdomo wangu ukisema, "Naoka keki ndogo za matunda, zenye viungo kidogo."

Dada wa Taipu aliangua kicheko mpaka akashikilia mashine yake isianguke. Mkuu hakucheka. Alisema tu, "Tutaona."

Kumbe hapa wana utaratibu. Kila Ijumaa, chai ya saa nne, mmoja wao huleta kitafunio kwa zamu. Zamu yangu ilipokaribia nilisema jino linaniuma. Dada wa Taipu akachukua nafasi yangu, lakini aliniambia, "Jino likipona, tunataka keki. Tena usituletee za dukani, nazijua zote kwa sura."

Shangazi, unajua kwamba sijawahi kuoka. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda cha jikoni nikikusomea gazeti, halafu nikala. Tafadhali niandikie unavyofanya, usiruke kitu. Na nauliza tu, si kwa ubaya: chumba changu hapo nyumbani bado ni kitupu? Keki zikiniaibisha mbele ya Mkuu, sidhani nitaweza kuingia tena ofisini humo. Nitarudi nyumbani.

Mtoto wa kaka yako


Tarehe 1 Machi

Kwa Karani wangu mwoga,

Marahaba. Mafua yamekwisha. Baba yako hajambo, amenunua redio ya pili kwa sababu ya kwanza, anasema, inampinga. Fundi Cherehani naye hajambo. Siku nyingi hajaja kuazima chumvi. Labda ameamua kununua. Juzi nimeunguza maharage, sufuria zima. Baba yako alisikia harufu akiwa barabarani akaja mbio akidhani nyumba inaungua, akanikuta nimekaa karibu na jiko, nachambua nyuzi zangu za kusukia, nimetulia kama mgeni. Ni mawazo tu, mwanangu. Wateja ni wengi, vichwa havina huruma.

Haya! Kwa hiyo umemdanganya mkubwa wako kwa keki zangu. Nimecheka mpaka mteja niliyekuwa namsuka akaniomba nimwachie kwanza nywele zake. Ungeweza kumwambia unaimba, tungefanyaje?

Sikiliza vizuri. Unga vikombe viwili, beking pauda vijiko viwili vidogo, sukari nusu kikombe, chumvi ya kubana kwa vidole. Bakuli la pili: mayai mawili, maziwa kikombe kimoja, na siagi uliyoyeyusha ikapoa, kama robo kikombe. Nanasi likate vipande vidogo kama punje za mahindi, ulikamue, maana maji yake ni adui. Zabibu kavu zigaragaze kwenye unga kwanza, la sivyo zitazama zote chini zikalala. Kiungo changu kijiko kimoja kidogo, si zaidi. Kiungo kipite kama mtu apitaye nje ya dirisha akasalimia. Kisiingie ndani kikakaa.

Halafu changanya. Hapa ndipo nakuogopea wewe. Koroga kama mtu aliyeitwa mlangoni: mara chache, uache.

Usiokee kwenye jiko la mafuta ya taa, keki zitakuwa za fundi magari. Tafuta jiko la mkaa. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, upate moto, panga mle vikopo vya nyanya ulivyovipaka siagi, jaza uji wako nusu na kidogo, funika, weka makaa juu ya mfuniko. Usifunue kila dakika kama unayemchungulia mgonjwa.

Na ukioka, uniandikie zilinukiaje. Usiniandikie "vizuri". Nataka nijue.

Chumba chako nimekijaza nyuzi za kusukia mpaka darini. Hakuna pa kuweka hata mguu.

Shangazi yako


Tarehe 20 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mafua yameisha. Pole kwa maharage. Mwambie Baba redio ya pili nayo ataizoea vibaya. Huku mvua zimeanza, tangi linajaa na kumwagika usiku kucha, nalala kama niko ndani ya birika.

Mama mwenye nyumba ameniazima jiko na sufuria. Mchanga nilichota palipokuwa panajengwa, nikauchekecha, nikauosha, nikauanika. Vikopo nilivikusanya. Nilifuata kila neno ulilosema, ila hapo pa kukoroga. Niliona madonge kwenye unga, Shangazi. Madonge mengi. Nikasema haiwezekani hii ndiyo inatakiwa. Nikakoroga mpaka yote yakaisha na mkono ukachoka.

Zilitoka nyororo juu, nzuri kuzitazama. Moja ilinianguka ikaruka. Mama mwenye nyumba alijaribu kutafuna, akanishukuru, akaenda kuketi. Sijui kiungo kingesaidia nini. Nilitumia mdalasini wa vijiti niliousaga kwa chupa. Ulibaki kama vumbi la mbao. Zilinukia vizuri tu.

Kwa hiyo jino limeniuma tena. Mzee Tarishi alichukua zamu yangu akaleta njugu, akaniambia, "Binti, jino hilo lina kalenda yake."

Nina jambo jingine, dogo. Mkuu alisaini barua yenye tarehe ya mwezi uliopita. Niliiona nilipokuwa naiandikisha kutoka. Nilisimama mlangoni kwake nikiwa nimeishika, akainua macho, nikasema, "Habari za asubuhi, Mkuu," nikarudi zangu. Barua ikaenda, ikarudishwa na waliopelekewa, wakiuliza imekuwaje. Mkuu aliiuliza ofisi nzima. Mimi nilijificha nyuma ya kabati la majalada nikijifanya natafuta kitu.

Naomba unitumie kiungo chako mwenyewe, kile cha kwenye kopo. Bila hicho siwezi. Unakumbuka nilivyotaka kuyabandika majina yale makopo yako mawili, la keki na la bizari ya mchuzi, kwa sababu yanafanana kama mapacha? Ukanicheka, ukasema pua yako ndiyo jina.

Nyuzi za kusukia haziwezi kuhamia chini ya kitanda?

Mtoto wa kaka yako


Tarehe 8 Aprili

Karani,

Marahaba. Sote wazima. Baba yako anasema chakula siku hizi hakina chumvi, na kesho yake anasema kina chumvi ya watu wa harusi nzima. Nimemwambia achague lalamiko moja alishike.

Keki inayoruka! Uliogopa madonge, ukayafukuza, na keki ikaondoka nayo. Mwanangu, yaache madonge. Moto unajua la kuyafanya. Hizi keki zinataka mkono wa mtu mvivu, na wewe ulizaliwa na mkono wa kuosha mchanga.

Kiungo hiki hapa ndani ya bahasha, nimekifunga mara tatu, nimekuchotea kwenye kopo letu. Kijiko kimoja kidogo.

Hukujibu nilichokuuliza. "Vizuri tu" si jibu. Harufu ilianza lini? Ilikuja yote pamoja au moja moja? Nanasi lilifika kabla ya siagi au baada? Wewe umesoma shule yote ile, huwezi kuniandikia harufu?

Nyuzi hazihami. Ijumaa ijayo jino lako lipone.

Shangazi yako


Tarehe 29 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na natumaini nanyi ni wazima. Mvua inaendelea.

Ijumaa ilikuwa zamu yangu. Sikukoroga sana. Keki ziliinuka vizuri, zilikuwa laini ndani, na matunda hayakuzama. Zote ziliisha. Ahsante sana kwa kiungo.

Kazi ni nyingi wiki hii, nisamehe kwa ufupi. Nisalimie Baba.

Mtoto wa kaka yako


Tarehe 14 Mei

Kwa Ofisa wa Masijala,

Barua yako imepokelewa na yaliyomo yameeleweka. Ndivyo mnavyoandikiana huko, sivyo? Basi na mimi nimeandika.

Baba yako aliisoma akafurahi. "Zimeisha zote, mtoto ameweza!" Akaenda kuwatangazia barabara nzima. Mimi nimeisoma mpaka karatasi imelegea, na kila nikifika mwisho naona kuna mtu amejificha nyuma ya kabati.

Mtu aliyefaulu haandiki hivi. Mtu aliyeshindwa naye haandiki hivi. Wewe ukishindwa unajaza kurasa. Hujaniambia Mkuu alisema nini. Hujauliza habari za chumba. Na kwa mara ya pili sasa, hujaniambia zilinukiaje.

Sitaki salamu. Nataka hilo moja.

Shangazi yako, ambaye hajanuna bado lakini anajiandaa


Tarehe 2 Juni

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na nisamehe. Nimeanza barua hii mara kadhaa. Nitaandika moja kwa moja, halafu nitaitia posta kabla ya kuisoma tena.

Keki zilinukia mchuzi wa nyama.

Nilijua tangu nilipofungua pakiti. Harufu ilinijia usoni: bizari ile nyembamba, giligilani, manjano. Hata rangi ilikuwa ya manjano. Nilifunga, nikafungua tena. Nikajiambia, Shangazi ndiye anayejua, huenda ikiiva inageuka. Pua yangu ndiyo mbovu, imeharibiwa na vumbi la majalada. Nikachota kijiko, nikatia. Zilipokuwa zinaiva, mama mwenye nyumba alipita uani akasema, "Leo umejitahidi, umenunua nyama!" Hata hapo sikuiamini pua yangu. Nani mimi nikusahihishe wewe?

Kesho yake nilizipeleka ofisini kwenye kopo la biskuti. Saa nne ikafika. Nilipofunua, Dada wa Taipu alivuta pumzi. Akanitazama. Akavuta tena.

"Karani," akasema, "hii ni chai ya saa nne au tumeunganisha na chakula cha mchana?"

Mzee Tarishi aliuma, akatafuna polepole kama anayesoma bahasha isiyo na anwani. "Nimefika katikati," akasema, "nyama sijaiona."

"Endelea, baba, labda iko chini!" Dada wa Taipu alikuwa tayari analia kwa kucheka. "Mimi yangu ina nanasi. Nanasi kwenye mchuzi! Jamani huyu binti anatupeleka wapi?"

Nilitazama mlango, Shangazi. Nilikuwa nimeshafikiria sanduku langu lilivyo, na kwamba nyuzi zako tungezipanga upya. Ndipo Mkuu akachukua moja. Aliuma. Alitafuna mpaka akameza.

"Hii ndiyo keki ya matunda?"

Mikono ilikuwa mifukoni. Sijui ni nani aliyeitoa. "Hapana, Mkuu," nikasema. "Ndani kuna bizari ya mchuzi. Nilijua tangu jana nilipofungua pakiti, lakini niliogopa kuiamini pua yangu."

"Kwa nini?"

"Pakiti imetoka kwa shangazi yangu. Na shangazi yangu hakosei."

Akanitazama sana, vile anavyotazama. "Na mimi je?" akauliza. "Mimi nikikosea, huwa unasikia harufu?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini nilikuwa nimeshaaibika, na nikagundua kwamba mtu akishaaibika anapata nafasi kubwa sana. Nikasema, "Barua iliyo kwenye trei ya Mzee Tarishi, Mkuu, ile uliyoisaini asubuhi, ina tarehe ya mwezi uliopita."

Mzee Tarishi akaacha kutafuna. Akainuka, akaifungua, akaisoma, akamkabidhi Mkuu. Mkuu akaisoma naye. Kisha, Shangazi, akacheka. Sikujua ana meno mengi kiasi kile.

"Kuanzia Jumatatu," akasema, "barua zote zipite kwa huyu kabla sijasaini." Akachukua keki ya pili. "Hii nayo si mbaya ukiizoea. Imekosa pilipili tu."

Ni kweli ziliisha zote. Hilo sikudanganya. Mzee Tarishi alikula ya mwisho akisema bado anaitafuta nyama. Na tangu siku hiyo mimi si Karani tena, naitwa Bizari. "Bizari, jalada la maji liko wapi? Bizari, njoo unipitishie barua hii kwenye pua." Nami naitika. Siku nyingine nasahau koti nyumbani.

Sikukuandikia haya kwa sababu kukuandikia kungekuwa kukusahihisha, na nilipofikiria kwa nini ulikosea nikaogopa zaidi kuliko nilivyomwogopa Mkuu. Nilizitoa barua zako zote nikazipanga juu ya meza. Maharage yaliyoungua ukiwa umekaa hapo hapo. Chumvi anayoilalamikia Baba. Fundi Cherehani ambaye haji tena. Na kila mara unaniuliza harufu, harufu. Nilidhani unanipima.

Nauliza kwa heshima zote, na kama nimekosea unigombeze: Shangazi, tangu yale mafua, unasikia harufu?

Mtoto wako


Tarehe 25 Juni

Mwanangu Bizari,

Marahaba.

Sisikii.

Nimeandika neno hilo nikaenda kumwagilia maua, nikarudi, bado lipo. Basi tuendelee.

Mafua yaliondoka na pua yangu. Nilisubiri irudi kama mtu anayesubiri kuku jioni. Zahanati daktari alinitazama kwa kurunzi, akasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Kahawa ni maji ya moto. Mafuta ya nywele yote ni mamoja. Nikipika naonja, nasikia chumvi na sukari basi, katikati yake hakuna mtu. Sijaoka tangu uondoke. Nitaokaje? Keki haionwi ndani ya sufuria, keki inasikiwa kwa pua, ndivyo nilivyojua siku zote lini nitoe na lini ningoje. Ndiyo maana Fundi haji. Si kwamba amenunua chumvi. Hakuna kinachomwita.

Sikusema kwa sababu namjua kaka yangu. Angenipokonya jiko siku hiyo hiyo, angekaa yeye hapo na redio zake mbili. Na kukuambia wewe? Wewe ungepanda basi la kwanza. Nilikuambia chumba chako kimejaa nyuzi ili usirudi kwa sababu ya keki; je, ungerudi kwa sababu ya pua?

Siku ya kukutumia kiungo nilisimama mbele ya makopo yale mawili. Nikafungua hili, hakuna kitu. Nikafungua lile, hakuna kitu. Nikachagua la kulia, kwa kuwa la kulia limekuwa la keki tangu hujazaliwa. Na macho nayo! Jikoni kwetu giza, unga wote huonekana kahawia. Sikujua kwamba baba yako alifuta rafu akayarudisha anavyojua yeye. Nimemuuliza, ameapa hakugusa, kisha akakumbuka.

Niliposoma habari ya nyama nilitaka kulia. Nikafika kwa Mzee Tarishi nikacheka, nikarudia, nikamwita baba yako nikamsomea, na kwa kuwa nilikuwa nacheka nikamwambia yote hapo hapo. Akasema, "Kumbe ile chumvi." Jiko hajanipokonya. Ila sasa anapita jikoni kila saa akivuta pumzi kama mbwa wa polisi.

Sasa nikugombeze kidogo, maana umeomba. Una pua nzima na unaogopa kuitumia. Mimi sina, najifanya ninayo. Wenye akili wangegawana.

Kwa hiyo nakuagiza. Tafuta mdalasini mzuri, iliki, karafuu chache. Saga mwenyewe, nusa mwenyewe, amini mwenyewe. Oka. Ukae kwenye kigoda kando ya jiko na karatasi mapajani, uniandikie harufu inavyokuja, tangu mwanzo mpaka kutoa. Zamani ulikuwa unanisomea gazeti. Nisomee hiyo.

Shangazi yako


Tarehe 11 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Salamu nitaweka mwishoni, kwa sababu sufuria liko jikoni na makaa yako juu ya mfuniko.

Mwanzo hakuna cha kusema. Unanukia mchanga wenye joto na unga mbichi, kama ukuta uliopakwa chokaa ambao haujakauka. Usiwe na wasiwasi, ngoja.

Sasa yanakuja maziwa. Ni harufu ya mtoto mchanga akiwa amelala. Ni nyepesi, inapotea nikigeuza kichwa. Kwenye ukingo wa mfuniko ndiyo kwanza naona mvuke, mwembamba kama uzi wako wa kusukia.

Siagi imefika. Siagi haibishi hodi. Mama mwenye nyumba amechungulia, akauliza kama leo pia ni nyama.

Sasa nanasi. Linapiga kelele kuliko wote, lina ukali wa kuchoma puani na utamu nyuma yake, kama Dada wa Taipu. Mvuke umekuwa mzito na unatoka pande zote. Hapa mtu angedhani zimeiva. Bado. Usifunue.

Nanasi limeshuka. Limekaa chini na wenzake. Na sasa, Shangazi, mdalasini. Umekuja bila viatu. Sikujua umeingia saa ngapi, nimeukuta tu, uko chumbani, uko kwenye koti la Baba lililotundikwa mlangoni. Iliki iko nyuma yake, ya baridi kidogo. Karafuu naisikia nikiitafuta tu. Vimepita nje ya dirisha, vimesalimia, kama ulivyosema.

Mvuke unapungua. Sufuria, lililokuwa likitokota taratibu, limenyamaza. Harufu imebadilika: ni nguo iliyopigwa pasi sasa hivi, ya pamba, bado ina joto. Hapo. Hapo ndipo pa kutoa. Ukingoja zaidi itakuwa nguo iliyosahauliwa chini ya pasi.

Nimetoa. Zimepasuka juu kidogo, kahawia ya udongo. Zina madonge mawili matatu na siyaogopi.

Salamu sasa. Natumaini wewe na Baba ni wazima. Majaribio yangu yamekwisha, Mkuu amesaini barua ya kunithibitisha, na kabla hajaisaini ilipita kwangu kama nyingine zote. Niliirudisha, walikosea herufi moja ya jina langu. Ndani ya bahasha hii utakuta vipande viwili vya karatasi alivyovipiga chapa Dada wa Taipu kwa herufi kubwa: KEKI na MCHUZI. Baba anuse, abandike. Safari hii usinicheke.

Mtoto wako


Tarehe 3 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Baba yako amekwenda kuwatangazia tena. Safari hii nimemruhusu. Makopo yamebandikwa. Alinusa kila moja mara nyingi, kwa heshima, kama anayepokea ushahidi.

Jumamosi alipotoka nilifunga mlango wa jikoni nikaoka. Sikutaka mtu karibu. Nilikoroga kivivu, nikapanga vikopo, nikaweka makaa, nikakaa kwenye kigoda chako na barua yako. Nikaisoma kwa sauti, taratibu, nikisubiri macho yanionyeshe ulichoandika kabla ya kwenda mstari unaofuata.

Mvuke kama uzi ulipotoka nikasoma maziwa. Ulipozidi nikasoma nanasi, nikamcheka Dada wa Taipu kama namfahamu. Niliposoma mdalasini nilivuta pumzi. Sikusikia kitu, mwanangu, nisikudanganye. Hewa tupu. Lakini nilijua ni nani aliyeingia na amesimama wapi, na hilo sikuwa nalo tangu uondoke.

Sufuria likanyamaza. Nikasoma, "Hapo. Hapo ndipo pa kutoa." Nikatoa.

Zilikuwa kahawia, zimepasuka juu. Nikazitazama. Nikawaza, huenda ni nzuri, huenda zinanukia mkaa, nitajuaje? Nilikuwa nimeshika mfuniko bado, najiuliza nimsubiri baba yako na pua yake ya polisi, mlango ukagongwa.

"Hodi hapa! Shangazi, hujambo? Siku nyingi. Sikai, nina nguo ya mtu kwenye cherehani." Akasimama pale, Fundi wetu, uzi mdomoni, kikombe mkononi, macho yakitazama nyuma yangu. "Nimekuja tu kuazima chumvi."

Chumba chako ni kitupu, kimefagiliwa, hakijawahi kuwa na uzi hata mmoja. Njoo wakati wa likizo.

Shangazi yako